Geuza Kitambaa Kabla ya Kulipa
Dada zangu wa Al Barsha mnaotafuta nguo ya harusi, msinunue brokedi ya Banarasi kwa mng'ao wa zari peke yake. Igeuzeni. Kwenye ile iliyofumwa kwa mkono huko Varanasi kwa mtindo wa kadhwa, kila ua hufumwa peke yake, kwa hiyo upande wa nyuma hauna nyuzi ndefu zilizokatwa. Na pindoni mna vitundu vidogo vya pini zilizoinyoosha ikiwa kwenye mtambo wa kufumia. India ililinda jina la Banarasi kisheria mwaka 2009, lakini mashine za umeme bado zinaiga kitambaa hicho. Sari moja ya kazi nzito humchukua mfumaji miezi. Mkiipata ya kweli, lipeni thamani yake: ufundi huo unaishi kwa wanunuzi wanaoujua.