Jina Kwa Kona Halikulindi, Weka Katikati

Wasee, kuna maneno nimeona sana wiki hii, ati mpiga picha anayeweka wotamaki, ile alama ya jina lake juu ya picha, ni mshamba. Ati picha kali inajisimamia. Wengi wanaosema hivyo wana mshahara mahali pengine, kamera ni ya wikendi. Mimi kamera ndiyo inalipa keja, kwa hivyo leo tutakosana kidogo.

Na nianze kukosana na watu wa upande wangu. Wewe unayeweka jina dogo kwa kona ya chini, herufi za kupindapinda kama kadi ya harusi, halafu unalala ukidhani uko salama. Buda, hiyo ni saini tu. Inakatwa na kidole kimoja.

Najua kwa sababu ilinipata. Chuo niliachia mwaka wa pili, lakini kila msimu wa mahafali niko pale langoni kuliko hata wahadhiri. Mwaka jana nilipiga kikundi cha marafiki sita. Majoho, maua, wazazi, shosho wa mmoja wao ametoka shagz na kitambaa kipya kichwani. Tulikubaliana soo tatu kwa kila picha watakayochagua. Usiku huo nikapakia picha 42 kwa galari ya mtandaoni, jina langu kwa kona kama kawaida, nikatuma linki.

Kufika asubuhi, stetasi zimejaa. Skrinishoti, kona imekatwa, filta juu. Nililipwa picha 3. Zile 39 zilipata emoji za moto, mimi nikaomba mwenye nyumba aniongezee siku nne. Yule shosho nilipiga magoti kwa matope ndio nimpate akicheka, na picha yake ikazunguka grupu ya familia bure. Kisha mmoja wao akaniandikia: "Picha zako ni safi, lakini siku ingine usiweke hiyo jina, inaharibu."

Usiniambie kuhusu korti. Ni kweli, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inakulinda hata bila kusajili picha. Lakini soma mpaka mwisho: kazi ukiagizwa na mteja, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wangapi kati yetu tumewahi kukubaliana vingine, hata kwa meseji? Na hata haki ikiwa yako yote, nani ataenda kortini juu ya soo tatu? Wengine husema jina liko ndani ya faili, kwa metadata. Tuma hiyo picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida uone kama litafika.

Kwa hivyo kufuli uliyo nayo ni alama yenyewe, na inafaa ikae mahali mtu hawezi kukata. Ipitishe juu ya kifua cha joho, mikono, nywele, mikunjo ya kitambaa. Ififishe kiasi. Usiiweke juu ya ukuta mtupu ama mbingu, hapo programu ya kufuta inaziba pengo kwa sekunde. Wala si juu ya macho jamani, mteja lazima aone kama alifumba. Halafu punguza picha, pikseli 1000 upande mrefu zinatosha kuchagulia kwa simu na hazitoi printi ya maana.

Na usirudie alama ile ile sehemu ile ile. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba alama moja ikikaa vilevile kwa picha nyingi, kompyuta inazilinganisha, inaijua alama, inaitoa. Ukiipinda kidogo tofauti kwa kila picha, kazi inakuwa ngumu. Mimi nagawanya galari mafungu manne, kila fungu na alama yake. Inakula dakika kumi.

Najua mtasema akili bandia inafuta chochote siku hizi. Sawa, mwizi aliyejipanga atafuta. Lakini wale sita hawakuwa wamejipanga, walichukua kitu kilichoachwa wazi. Na alama ikipita karibu na mdomo wa shosho, hiyo programu itabuni meno ambayo hana. Familia itaona.

Ila mteja akilipa, mpe faili kubwa, safi, bila jina popote, saa hiyo hiyo. Ukimwachia jina lako kifuani na amelipa, hapo mshamba ni wewe, na nitawasaidia kukucheka.

Ijumaa kuna mahafali mengine. Kuna mmoja ameshabook, na jana akaniuliza kama naweza kumtumia zote bila alama "ndio achague vizuri". Nimemtumia namba ya till.