Akiba ya marehemu iko benki, ufunguo uko mikononi mwa ukoo

MUME anapofariki dunia katika Kata ya Nkende, wilayani Tarime, matanga hayajaisha kabla maswali kuhusu mali hayajaanza. Ng'ombe na shamba huonekana na kila mtu, na wazee wa ukoo wamezoea kuvitolea uamuzi. Fedha zilizo benki ni jambo jingine. Kadi inaweza kuwa mikononi mwa mjane, pengine na namba ya siri anaijua, lakini mbele ya sheria akiba ile si yake wala si ya shemeji yake kuichukua, hadi mahakama imteue msimamizi wa mirathi.

Kwa maandishi, njia ya kufika huko si ngumu. Mjane hutafuta cheti cha kifo kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), hufungua shauri mahakamani, tangazo hubandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na pasipo pingamizi hakimu hutoa barua ya uteuzi. Barua hiyo ndiyo benki huitaka.

Ugumu umo katika karatasi moja ambayo karani huiulizia mapema: muhtasari wa kikao cha ukoo. Mjane huambiwa aende kwa wakwe, wakae, wamtaje msimamizi, wasaini, ndipo arudi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria yenyewe haikuweka sharti hilo. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linaipa Mahakama ya Mwanzo uwezo wa kumteua mtu mwenye maslahi katika mirathi, kwa maombi ya mwenye maslahi yeyote au hata kwa hiari ya mahakama yenyewe. Pale ambapo ndugu hawaelewani, mahakama inaweza kumteua ofisa wake au mtu mwingine mwadilifu asiyeegemea upande wowote. Mahakama Kuu nayo imewahi kueleza katika maamuzi yake kwamba muhtasari wa ukoo ni utaratibu mzuri, si takwa la kisheria.

Utaratibu huo una faida yake, na si haki kuubeza. Kikao huwataja warithi wote, wakiwamo watoto wa mke mdogo na wale waliozaliwa nje ya ndoa, na hupunguza mapingamizi ambayo yangechelewesha shauri. Hakimu asiyeifahamu familia hana njia nyepesi zaidi ya kuijua.

Lakini miongoni mwa Wakurya, ambao ndio wengi Tarime, mke huolewa kwa mahari ya ng'ombe na kuhesabiwa kuwa amekuja katika nyumba ya ukoo. Ukoo huohuo unapoombwa saini ili mjane azifikie fedha za mumewe, saini hiyo hugeuka kuwa bidhaa. Wakwe wenye kinyongo wanaweza kukataa kukaa. Wanaweza kukaa na kumtaja kaka wa marehemu. Wanaweza pia kumtaka mjane akubali kurithiwa kwanza, ilhali kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinampa mjane uhuru wa kuishi anapotaka, kutoolewa tena, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vinginevyo. Wakati mvutano ukiendelea, ada za shule hazisubiri.

Barua ya uteuzi nayo haisemi nani atapata kiasi gani. Chukua mfano wa akiba ya Sh2,400,000 iliyoachwa na mume mwenye mke mmoja na watoto, wa kike na wa kiume. Ikifuatwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Tanzania iliirithi kutoka kwa ukoloni na ambayo hutumika kwa Wakristo walioachana na maisha ya kimila, mjane hupata theluthi moja, yaani Sh800,000. Ikifuatwa sheria ya Kiislamu hupata thumni, Sh300,000. Zikifuatwa kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, hapati kitu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Akaunti ni ileile na jasho ni lilelile.

Kanuni hizo zilipelekwa Mahakama Kuu mwaka 2005 na wajane wawili wa Shinyanga. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba zina ubaguzi, lakini ilikataa kuzifuta kwa kuhofia kufungua mlango wa mila za makabila 120. Rufaa iliondolewa mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliona kuwa Tanzania ilikiuka haki zao na ikataka sheria hizo zirekebishwe.

Wapo wajane wanaokimbilia mashine ya kutolea fedha kabla benki haijapata taarifa ya msiba. Ni rahisi kuwaelewa, ila wanajiweka pabaya: shemeji akilalamika, kitendo hicho kinaweza kuhesabiwa kuwa ni kuingilia mali ya marehemu. Wanandoa walio hai wana njia bora zaidi. Sheria ya Ndoa huichukulia mali iliyo kwa jina la mume kuwa ni yake peke yake hadi ithibitishwe vinginevyo, lakini iliyo kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa ni yao kwa mafungu sawa. Mke anayeuza ndizi na kuziweka fedha katika akaunti ya mumewe anaanza na mzigo wa kuthibitisha.

Kwa yule ambaye shemeji yake tayari ameteuliwa, mlango haujafungwa. Kanuni za mirathi za Mahakama ya Mwanzo za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi awasilishe ndani ya miezi minne orodha kamili ya mali na madeni, ambayo ni Fomu Namba 5. Miezi hiyo ikipita na akiba ya benki haimo katika orodha, mjane anaweza kurudi mahakamani hapohapo na kuomba uteuzi utenguliwe. Kwa ombi hilo hahitaji saini ya ukoo.