Kompyuta Kuukuu Ifunguliwe Kabla ya Kutupwa

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya wilaya, mama aliyekuwa amejifungua siku mbili kabla alinusurika kuongezewa chupa ya damu asiyoihitaji. Alipopokelewa, himoglobini yake ilikuwa gramu 5.2 kwa desilita. Aliongezewa damu, na kipimo cha pili kikaonyesha 9.1. Jibu hilo la pili lilikuwa sahihi, ila tarehe yake haikuwa sahihi. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na kompyuta ya maabara ilipowaka tena ilijirudisha hadi tarehe 1 Januari 2012. Programu ikaliweka jibu jipya chini ya lile la zamani. Daktari wa zamu akaikuta namba 5.2 juu ya orodha, akaagiza chupa nyingine.

Aliyemwokoa mama yule ni muuguzi mkunga. Alimtazama ndani ya kope na viganjani, akaona wekundu usiolingana na namba aliyoandikiwa, akashuka maabara kuuliza. Chupa ile ikabaki kwenye jokofu, ikimsubiri aliyeihitaji kweli.

Chanzo cha yote kilikuwa betri ya duara, yenye ukubwa wa sarafu na nguvu ya volti 3, inayotunza saa ya kompyuta wakati umeme haupo. Betri hiyo ilikuwa imekufa, na wala haikufa kimya. Kila asubuhi kompyuta ilituonya kwa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ikitutaka tubonyeze kitufe kimoja ili iendelee. Tulibonyeza, tukarekebisha tarehe kwa mkono, tukaendelea na kazi. Usiku ule wa zamu yangu, sampuli zikiwa zimejaa mezani, sikurekebisha. Bei ya betri ile haikufikia bei ya mlo wa mchana wa mtu mmoja.

Nimelieleza tukio hili kwa sababu kila kikao cha bajeti husikika kauli ile ile: kompyuta zetu zimechakaa, tuletewe mpya. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, maombi ya mashine mpya huchukua miaka, na wagonjwa hupanga foleni leo. Maoni yangu ni kwamba kompyuta kuukuu ya mezani ifunguliwe na kuchunguzwa kwanza, maana aghalabu kinachoilemaza ni kipuri kimoja au viwili.

Tuanze na diski. Kompyuta nyingi za zamani hutunza taarifa katika sahani za chuma zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku mkono mwembamba ukihangaika huku na huko kutafuta kila faili. Karani wa mapokezi anapofungua jalada la mgonjwa na kungoja, mara nyingi anachongoja ni mkono huo. Diski za kisasa, ambazo mafundi huziita SSD, hazina kitu kinachozunguka. Ile inayotumia waya ule ule wa SATA wa diski ya zamani husoma takribani megabaiti 500 kwa sekunde. Ile ya zamani husoma kati ya 100 na 200, na kasi hiyo hushuka sana faili zikiwa ndogo na zimetawanyika. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huweza kuwaka chini ya dakika moja.

Cha pili ni kumbukumbu ya kazi, yaani RAM. Kompyuta yenye gigabaiti 4 hulemewa mara mtumishi afunguapo mfumo wa wagonjwa, barua pepe na taarifa ya mwezi kwa pamoja. Kuifikisha 8 au 16 ni kazi ya dakika chache. Fundi aangalie kwanza mambo mawili: aina ya kumbukumbu inayokubaliwa na ubao mkuu wa mashine, kwani DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4, na kama mfumo endeshi ni wa biti 64, kwa kuwa ule wa biti 32 kwa kawaida hauwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiongezewa.

Cha tatu hakina gharama kubwa: vumbi. Feni iliyojaa vumbi huifanya prosesa ipate joto, na prosesa yenye joto hujipunguzia kasi ili isiungue. Mashine izimwe, ichomolewe kwenye umeme, isafishwe, na grisi ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa ibadilishwe. Katika ziara hiyo hiyo ya fundi, betri ya saa nayo ibadilishwe bila kungoja ife.

Kuna mahali pa kukomea, nami sitaki kumpotosha msomaji. Ikiwa ubao mkuu umeharibika, au kinachohitajika ni prosesa mpya pamoja na ubao mpya na kifaa kipya cha kugawa umeme, basi huko ni kununua kompyuta mpya vipande vipande. Aidha, kompyuta iliyounganishwa na mashine ya eksirei au ya kuchambua damu isifunguliwe bila idhini ya mtengenezaji wa mashine hiyo, kwa maana badiliko dogo laweza kuvuruga vipimo.

Lipo pia suala la usalama. Microsoft ilihitimisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2017. Kuiongezea mashine kasi na kuiacha na mfumo usiorekebishwa tena ni kuufungulia mlango mwizi. Mwezi Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilivuruga takribani theluthi moja ya taasisi za hospitali za umma za Uingereza, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Marekebisho ya kukizuia yalikuwa yametolewa miezi miwili kabla, ila mashine nyingi hazikuwa zimewekewa. Pale ambapo mfumo wa wagonjwa hufunguliwa kwa kivinjari, mashine ya zamani yaweza kuwekewa Linux, ambayo haina ada na huendelea kupata marekebisho. Pasipowezekana, iondolewe kwenye mtandao.

Na diski iliyotolewa je? Ndani yake mna majina, majibu ya vipimo vya VVU, historia za uzazi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Diski hiyo isiuzwe wala isiachwe katika droo ya fundi. Kufuta faili kwa kitufe hakutoshi. Ifutwe kwa programu maalumu au iharibiwe mbele ya shahidi, na jambo hilo liandikwe daftarini.

Wapo watakaosema kwamba kutia viraka mashine kuukuu ni kuikubali dhiki, na kwamba wagonjwa wetu wanastahili vilivyo bora. Nawaelewa. Lakini wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nimeona kompyuta mpya zikifika na kuwekwa katika chumba kile kile chenye vumbi, kwenye umeme ule ule unaoyumba, bila kifaa cha kulinda umeme na bila fungu la matengenezo. Baada ya miaka michache nazo zikaitwa kuukuu. Asiyejifunza kuitunza ya zamani hataitunza mpya.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yasiyohitaji mfadhili. Kila kompyuta ya hospitali iwe na ukurasa wake daftarini, ukionyesha umri wake, vipuri vilivyobadilishwa na mfumo endeshi uliomo. Kila bajeti ya mwaka iwe na fungu dogo la vipuri, sambamba na fungu la mashine mpya. Na onyo lolote linalotokea kwenye kioo liripotiwe siku hiyo hiyo, kama tunavyoripoti jokofu la chanjo linapopata joto.

Nawe mgonjwa, unayo sehemu yako. Ukipewa karatasi ya majibu, soma jina lako, kisha soma tarehe. Ikiwa tarehe si ya siku uliyotolewa damu, rudi dirishani ukaulize. Hutakuwa unasumbua watu. Mkunga yule aliuliza, na mama yule alirudi nyumbani na mwanawe akiwa salama.