Miche tunaihesabu, udongo tunausahau

Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na Aprili 1, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tunasikia hesabu zikisomwa hadharani. Lakini inayosomwa ni miche iliyopandwa. Iliyokufa kiangazi nani huihesabu?

Hapa Kiwira mvua hutuficha mengi, maana mti ukichomekwa unaota. Nchi kavu haina huruma hiyo. Tutazame Shinyanga. Misitu ilifyekwa huko enzi za ukoloni ili kuondoa mbung'o, ikafuata pamba na mifugo mingi, hadi ardhi ikabaki tupu. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Nguvu za mwanzo zilikwenda kwenye vitalu na kugawa miche. Kilichozaa zaidi, hata hivyo, kilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika na kulifungua kiangazi. Ng'ombe walipozuiwa, visiki vikachipua vyenyewe. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa takriban hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Si kila mtu alifaidika sawa: mwenye eneo kubwa alifunga kubwa, asiye na ardhi akanunua majani.

Kwa nini kisiki kilimshinda mche? Kina mizizi mirefu tayari, na mizizi hiyo haiishi peke yake. Kuvu wenye nyuzi nyembamba kuliko unywele hushikamana nayo, huleta maji na fosforasi kutoka pasipofikiwa na mzizi, na mti huwalipa sukari. Migunga, kama maharage, hukaribisha pia bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani ndani ya vinundu vya mizizi. Ardhi ikikaa tupu miaka mingi, viumbe hawa hupungua sana. Mche uliokuzwa kwenye udongo usio nao unafika pale bila msaidizi.

Waliofanya kazi kwenye vitalu vya paini hawatashangaa. Paini si mti wa kwetu. Ulipoletwa Afrika Mashariki, miche ilidumaa na kugeuka njano mpaka ulipoletwa udongo wenye kuvu wake. Ndiyo sababu ya kuchanganya kwenye viriba udongo uliochotwa chini ya paini kubwa.

Anayeotesha miche ya kupeleka Usangu au Chunya anaweza kufanya vivyo hivyo, ila kuvu wa paini hawamfai mgunga. Chota chini ya mti wa aina ileile, wenye afya. Chini ya mti unaonyauka utabeba ugonjwa.

Na shambani kwako, maharage yakianza kutoa maua, ng'oa shina moja taratibu, upasue kinundu kwa ukucha. Wekundu ndani maana yake bakteria wako kazini.