BONDIA NAYE NI MFANYAKAZI



Katika mitaa yetu ya Eastlands watu husema bondia "anacheza" ngumi, kama vile mtoto achezavyo gololi. Neno hilo limetuponza. Mtu anayeamka alfajiri kukimbia barabarani, anayepimwa uzito, anayetia sahihi mkataba, na ambaye tajiri hupata faida kwa jasho lake, huyo hachezi. Yuko kazini. Na kama yuko kazini, basi kuumia kwake kwatuhusu sisi watu wa chama.

Nataka kusema juu ya marehemu Robert Wangila, ambaye Muthurwa, mtaa wa watu wa Reli, humhesabu kuwa mwanawe. Mwaka 1988 huko Seoul, akiwa kijana wa miaka 21, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili akachukua dhahabu ya Olimpiki. Mpaka leo hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyeipata. Baadaye akaenda Marekani kupigana kwa fedha.

Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipigana na David Gonzalez. Katika raundi ya tisa mwamuzi Joe Cortez aliona yatosha, akalisimamisha pambano. Wangila hakukubali. Alilalamika kwamba bado anaweza. Muda si mrefu akaanguka chumbani, akapoteza fahamu, na tarehe 24 akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Wengi huyasimulia malalamiko yale kama ushujaa. Mimi nayaona vingine. Moyo wa mtu ni wake, lakini hesabu ya kazi ile yajulikana: bondia wa kulipwa akisimamishwa, bei yake hushuka, na pambano lijalo atapewa senti chache au asipewe kabisa. Kwa hiyo yeye mwenyewe hawezi kuwa mtu wa kusema "basi". Nasi twalijua jambo hilo. Fundi aliyeteguka mkono huuficha ndani ya ovaroli asije akakosa ovataimu. Ndiyo sababu dereva wa treni huwekewa saa za kazi, wala haachiwi aamue mwenyewe kama amechoka.

Kuna atakayesema, "Alijitakia, nani alimtuma kupigwa kichwani?" Haya, basi na yule anayeunganisha mabehewa usiku kwenye mvua, akibanwa, tuseme naye alijitakia?

Tuwatazame Wamarekani hao hao. Wanao mpira wao wa kubeba mikononi, wa kuvaa kofia ngumu na kugongana kama kondoo dume. Kijana wa Nairobi, Daniel Adongo, aliingia humo mwaka 2013 na timu ya Indianapolis Colts, Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ile. Sasa, mchezaji wao mmoja mashuhuri, Mike Webster wa Pittsburgh Steelers, alitwaa ubingwa mara 4, kisha akachanganyikiwa akili, hata nyakati nyingine akalala garini. Alikufa mwaka 2002, na umri wake miaka 50. Aliyeuchunguza ubongo wake na kuonyesha madhara ya kugongwa kichwa mara kwa mara alikuwa Mwafrika, Dakta Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria. Mabwana wa ligi walimpinga vikali.

Hata hivyo wachezaji wastaafu kwa maelfu walishika neno moja wakaenda mahakamani. Mwaka 2013 ligi ilikubali kulipa dola milioni 765, na malipo yaliyotoka tangu hapo yamepita bilioni 1. Hawakupewa kwa hisani. Walizoea kudai pamoja, maana wachezaji wale wana chama chao tangu mwaka 1956.

Huku kwetu mchezaji akiugua tunapitisha kofia. Joe Kadenge, ambaye jina lake lilikuwa ndiyo mpira wenyewe katika nchi hii, alikuja kuendesha teksi, na alipopatwa na kiharusi habari zake zikawa za kuombewa msaada. Alifariki Julai 2019. Siikatai harambee, nami hutoa. Lakini harambee hukumbuka jina kubwa tu. Kijana aliyepigwa miaka sita katika kumbi za mitaa na sasa mikono yamtetemeka, nani atamchangia?

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamlinda aliyeajiriwa. Bondia wa polisi, wa jeshi au wa magereza ana mshahara na ana pensheni. Huyu wa mtaani hutia sahihi karatasi ya pambano moja, na kengele ya mwisho ikilia hana mwajiri. Hapo ndipo pengo lilipo. Anayeandaa pambano na kuuza tiketi alazimishwe kukata bima ya kila bondia kabla ya mkataba kutiwa sahihi, na daktari alipwe na mfuko usio wa mwandaaji, ili akisema "huyu asipande" asiogope kukosa kazi kesho.

Nitalipeleka jambo hili kama hoja katika mkutano ujao wa tawi. Anayetaka kuniunga mkono ampe katibu jina lake kabla ya siku ya mshahara, na mabondia wa mitaa yetu wanaotaka kuja kusema wenyewe waje, tutawawekea viti.