Upepo wa Denmark ulianzia darasani

Kila utajwapo umeme wa upepo, Denmark husifiwa kana kwamba Mungu aliipa pepo alizowanyima wengine. Mimi siafikiani na sifa hiyo. Pepo huvuma kwingi duniani. Kilichoitangulizia Denmark, kwa maoni yangu, ni mwalimu.

Mwalimu huyo ni Poul la Cour, aliyefundisha sayansi katika shule ya vijana wa mashambani huko Askov. Mnamo 1891 alijenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. Ili asikwame siku upepo unapotulia, aliutumia umeme huo kutenganisha maji na kupata hidrojeni, na kwa miaka kadhaa gesi hiyo ikawasha taa za shule. Kisha akaanza kuwafunza vijana kazi ya ufundi wa umeme. Mmoja wao, Johannes Juul, ndiye aliyebuni mtambo wa Gedser uliofanya kazi kuanzia 1957 hadi 1967.

Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka wa 1973, takriban asilimia 90 ya kawi ya Denmark ilitokana na mafuta ya kuagizwa. Mwanzoni walikimbilia makaa ya mawe. Hata hivyo, ujuzi wa upepo haukuwa mgeni kwao. Mnamo 1985 bunge lao liliamua kutotumia nyuklia, na mwaka wa 1991 vinu 11 vikasimamishwa baharini huko Vindeby, shamba la kwanza la upepo baharini duniani. Leo upepo huwapa zaidi ya nusu ya umeme wao.

Sisemi kwamba wamefika. Umeme ni fungu moja tu la kawi. Magari yao mengi yangali yanatumia mafuta, na joto la nyumba nyingi hutokana na kuchoma kuni na taka. Upepo unapopungua, huagiza umeme kutoka kwa majirani, ukiwemo ule wa maji wa Norway.

Nasi Wakenya tuna mitambo 365 ya upepo karibu na Loiyangalani, Marsabit, iliyozinduliwa rasmi mwaka wa 2019. Iliundwa na kampuni ya Vestas ya Denmark. Si aibu kununua kwa aliyetangulia. Aibu ni kuendelea kununua kizazi baada ya kizazi, ilhali mwanafunzi wetu hukariri aina za kawi apasi mtihani, asiwahi kuunda hata kinu kidogo cha mbao.

Wahenga walinena: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Walimu, dainamo ya baiskeli kuukuu, vipande vya mbao na balbu ndogo vyatosha kwa somo la kwanza. Nanyi wanafunzi, msingoje kuamrishwa. La Cour hakungoja bei ya mafuta ipande ndipo afundishe. Juul naye alijifunza miaka mingi kabla taifa lake halijamhitaji.