Mchaichai na Mawazo

Mchaichai huota vizuri pale yanapomwagwa maji ya vyombo, nyuma ya jiko. Katika vijiji vya wakulima wa mpunga kama Idete, bonde la Kilombero, majani matatu manne hukatwa, yakakunjwa fundo yasitawanyike kwenye sufuria, yakachemshwa. Ukingo wa jani ni mkali. Mwenye pupa huchanika kidole. Chai yake hunywewa kwa homa, kwa tumbo lililojaa gesi, na kwa kile watu wanachokiita mawazo: usingizi kuruka, kifua kuwa kizito, mtu kunyamaza baada ya mafuriko kupita na mpunga.

Neno hilo ni pana mno. Ndani yake umo wasiwasi wa deni la pembejeo, na imo sonona, ambayo ni ugonjwa. Muuzaji wa pakiti iliyoandikwa "huondoa mawazo" hatenganishi.

Idete yenyewe inajua dawa inavyopimwa. Miaka ya 1990 watoto 586 wa kijiji hicho waliingizwa katika jaribio la chanjo ya malaria ya SPf66: wengine walidungwa chanjo, wengine sindano ya kulinganishia, na wazazi hawakujua nani kapata ipi. Matokeo ya 1994 yalionyesha kinga ya takriban asilimia 31. Majaribio ya baadaye Gambia na Thailand hayakuiona.

Mchaichai nao ulipimwa hivyo Brazil, wanakounywa kutuliza roho. Mwaka 1986 watafiti waliripoti kwamba kwa watu 50 waliopimwa usingizi na 18 wenye wasiwasi mwingi, chai hiyo haikuzidi kinywaji cha kulinganishia. Mafuta yake yaliyotolewa kwenye majani yamewatuliza panya wa maabara, lakini kikombe cha chai hakina mafuta kiasi hicho.

Kinachotuliza, basi, huenda ni kikombe chenyewe: joto lake, harufu, jamvi la jioni, na jirani anayeuliza habari za shamba. Si haba. Ila aliyepoteza hamu ya kula na ya kazi kwa wiki mbili anahitaji zahanati. Mmea mwingine, wa Ulaya, uitwao Hypericum perforatum umeonekana kusaidia sonona isiyo kali, lakini hupunguza nguvu ya baadhi ya ARV na ya vidonge vya uzazi wa mpango. Anayevitumia asiuguse kabla ya kumuuliza mganga wa zahanati.